Usaili wa udaktari na majibu ya Mama Riziki vimeangukia Alhamisi moja

Admin, naomba unifichie jina, na ukiona mahali nimejisahau nikataja jina la kanisa, futa. Mambo mawili nimeyabadilisha ili mtu mwingine asitambulike. Yaliyobaki ni kama yalivyo.

Nina miaka ishirini na minne, ni Mkongo, naishi na mama Macquarie Fields, hapa Sydney. Nina digrii ya sayansi kutoka chuo kikubwa cha mjini, na huu ni mwaka wa tatu naomba kuingia udaktari. Huku unaweza kuusomea udaktari baada ya digrii ya kwanza. Wanaangalia alama za digrii hiyo, mtihani wa kuingilia, kisha usaili. Rafiki yangu Mkenya, nesi, alinionya tangu mwanzo: "Soma hapa karibu na nyumbani, uongoze darasa. Wanahesabu alama, hawahesabu jina la chuo." Mama akakataa. "Umeitwa kule wanakogombania, halafu uende hapa jirani? Watu nitawaambia nini?" Nikaenda kule. Shuleni nilikuwa wa kwanza. Kule, darasa zima lilikuwa la watu waliokuwa wa kwanza shuleni kwao.

Bado ningeweza, kama si Alhamisi. Tangu mwaka wa kwanza mama aliwaambia wamama wa kanisani, "Mtoto wangu anasomea udaktari, atawasindikiza hospitali awatafsirie." Hospitali ina wakalimani, tena wa bure. Lakini wa Kiswahili wa huku kwetu ni shemasi wa kanisa letu. Ni mtu mwema, sijawahi kumsikia akimsema mtu. Ila nani anataka kushiriki meza ya Bwana karibu na mwanamume anayejua habari za tumbo lake la uzazi? Kwa hiyo nilienda mimi. Sukari, presha, magoti, macho. Kliniki za mabingwa zilikuwa Alhamisi, na mazoezi ya maabara chuoni yalikuwa Alhamisi. Nilipokosa, niliandikiwa sifuri. Mgonjwa hupewa cheti cha daktari, aliyemsindikiza hapewi kitu. Rafiki yangu alikuwa akinicheka: "Wewe ni daktari wa kila mtu isipokuwa wa alama zako."

Miaka miwili ya kwanza sikuitwa hata usaili. Mwaka huu nimeitwa. Mama alipiga kelele, akampigia mchungaji, na kabla ya jua kuzama watu wote walikuwa wananiita Dokta. Usaili ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi, mjini, ana kwa ana.

Sasa kuna mjane mmoja, nitamwita Mama Riziki. Kwenye kambi ya wakimbizi tulitenganishwa naye na ukuta wa turubai. Mama alipolazwa miezi miwili, ndiye aliyenilisha. Hajawahi kunikumbusha hilo. Wiki tatu zilizopita nilikwenda naye hospitali, akatolewa kinyama kwenye titi kikapimwe. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mama. Nyumbani kwetu inajulikana ana presha tu. Majibu yake ni Alhamisi hii, saa nne na nusu, Campbelltown.

Msiniambie nibadilishe tarehe. Nimepiga simu kote. Chuo kinasema atakayekosa siku yake asubiri mwaka mwingine. Hospitali inasema nafasi inayofuata ni baada ya wiki sita, na nesi wa huko akaongeza taratibu kwamba yeye asingeshauri kungoja. Wakatoa mkalimani wa simu. Nikamweleza Mama Riziki.

"Ule wa simu? Ile mara aliongea Kiswahili cha redio. Nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo, nikarudi nyumbani sijui nimekubali nini."

"Na shemasi?"

"Afadhali nife na siri yangu."

Nikamwambia kuhusu usaili. Akasema, "Basi enda, mwanangu. Hii randevu ya hospitali nitaiacha."

"Huwezi kuiacha, mama."

"Ulipokuwa na mtihani si niliiacha?"

Ni kweli. Miezi michache iliyopita nilikuwa na mtihani wa kuingilia, naye hakwenda hospitali, akabaki nyumbani. Akakaa na uvimbe ule wa titi miezi minne bila kumwambia mtu. Nilikuja kujua baadaye.

Kwa mama ndiyo balaa. Nilipogusia kwamba Alhamisi ni siku ya Mama Riziki, aliweka kijiko chini.

"Si presha tu? Presha itamngoja."

"Mama, ni wewe uliyeniahidi kwake."

"Niliahidi ulipokuwa mwanafunzi. Sasa wewe ni dokta."

"Sijawa."

"Na hutakuwa, ukiendelea hivi! Shemasi analipwa kwa kazi hiyo, mwachie kazi yake. Au unaogopa hao wazungu wa interviu, unatafuta pa kujificha?"

Jibu ninalo, lakini si langu kulisema. Miaka minne alinigawa kwa watu kama sahani za sherehe, alama zikaenda. Leo, siku ambayo kweli siwezi kumwacha mtu, ndiyo siku anayoniambia niachane na watu. Na siwezi hata kumgombeza vizuri.

Jana nilijaribu kujiandaa. Swali la kwanza kwenye karatasi za mazoezi: eleza wakati ulipotunza siri ya mgonjwa. Nikafunga kitabu.

Nikienda mjini, Mama Riziki atabaki ndani na majibu yatakaa kwenye faili. Nikienda naye, nitaulizwa nyumbani kwa nini nimetupa udaktari kwa ajili ya presha, na nitanyamaza mwaka mzima.

Kituo chetu cha treni kina pande mbili. Upande mmoja ni wa kwenda mjini, mwingine ni wa Campbelltown. Ninyi mnaosoma, wamama hasa, semeni kweli: Alhamisi asubuhi nisimame upande gani?