Kopo la Pili

Mwone kwanza anavyofika, ndugu yangu: yule mama mkamua mawese kutoka Kizuka, binti yake wa miaka minne mgongoni, kopo la maziwa ya unga mkononi, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Kila binti anapoanguka kifafa, yeye hutumbukiza kokwa moja ya mchikichi koponi, maana kuandika hajui. Kila Jumanne huzimwaga zahanatini, mezani kwa muuguzi wa dawa mpya ya kifafa inayojaribiwa kwa watoto, akizipanga tano tano. Wiki ya kwanza zilikuwa arobaini. Jumanne hii zilikuwa kumi na mbili, nasi wazazi tunaongoja zamu kwenye benchi tukapiga makofi. Ndipo akafungua kitenge, akatoa kopo la pili.

"Hili nalo la nani?" muuguzi akauliza. "La mutoto wa Anastasie, jirani yangu. Naye anaanguka. Dawa ya asubuhi nampa wangu, ya jioni nampa wake. Naye amepungua, dokta." Muuguzi akaweka kalamu chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba dawa ile hupimwa kwa uzito wa mtoto mmoja, kwamba yule mwingine hajapimwa hata damu, na ingeweza kumuua. Na anayegawa dawa, sheria ni kumtoa kwenye jaribio. Mama akabaki na kokwa mkononi. "Wanakula sahani moja," akasema. "Ningemufungia yule mulango namna gani?" Kisha, polepole, akaanza kuzipanga na za kopo la pili, tano tano. Karatasi ya muuguzi ina nafasi ya mtoto mmoja. Wewe, kalamu ile ingekuwa yako, ungeandika nini?