Mifupa ya Akika ya Wanu

Simai alipokuja mara ya kwanza kwenye meza yangu ya nyama, Darajani, mwaka 1955, hakuuliza bei. Aliuliza mifupa. Nikamdhania ana mbwa.

"Nnataka mbuzi mzima, mfupa hata mmoja usivunjwe."

"Hapa kazi ni ya shoka, Maalim. Asiyevunjwa mifupa ni mbuzi wa akika tu, achinjiwaye mtoto mchanga."

"Ndiyo maana nimekuja. Nnasikia umepata mtoto."

Alikuwa mwalimu wa skuli, mwenyeji wa Makunduchi, na likizo zake alizimaliza Unguja Ukuu akifukua mifupa ya kale na mtaalamu mmoja wa Kizungu. Shimoni walikuta mifupa ya mbuzi mzima, ila wa paja moja umevunjika. Simai akasema ni akika ya watu wa zamani. Mzungu akasema ni chakula tu, mfupa umepasuliwa kwa ajili ya uboho. Simai akiweza kuthibitisha neno lake, atapelekwa Ulaya kusomea kazi hiyo. Akishindwa, atarudi kwenye chaki.

Tukapatana: mbuzi wangu, mchele na samli vyake, mifupa ataipima uani kwangu aifananishe na ile ya shimoni, kisha tuizike.

"Mmoja ukitoka mlango huu," mke wangu Mashavu alimwambia, "tutakuzika wewe badala yake."

Siku ya akika ya binti yetu Wanu, shemeji yangu Usi akasahau shughuli ni ya nini. Ka! Kapasua mfupa wa paja kwa jiwe, ananyonya.

"Usi! Mifupa ya mwanangu!" Mashavu akapiga kelele.

"Nisamehe dada, mkono umezoea."

Nilitazamia Simai alie. Yeye akakichukua kipande, akakigeuza juani.

"Tazama, Bwana Muhiddin. Mfupa usiokauka hupasuka mshazari, ukingo mkali. Ule wa shimoni umekatika kama chaki. Ulivunjika ukishakauka, kwa uzito wa udongo, si kwa mkono wa mla uboho."

Mimi nivunjaye mifupa kila siku, nikajikuta nimeinama kutazama.

Akaomba aondoke nacho. Mashavu akakataa, kikazikwa. Basi nikampa mifupa ya dukani: mibichi akaipasua, mingine akaianika juu ya paa langu miezi, ndipo akaivunja. Ikavunjika vile vile alivyosema.

Mzungu alikubali habari ya paja. Kuhusu akika aliandika "huenda". Simai alitaka "ndiyo". Akapata huenda yake, nayo ikatosha kumpeleka Ulaya, na mifupa ikamlisha hadi uzeeni. Mimi nilipata karamu kwa mchele wa mwenzangu, na paa lililonuka mpaka masika.