Mume Wangu ni "She"

Darasa letu la Kiingereza hapa Susuni lilikuwa kwenye jengo la kanisa, na kilichotushinda wote kilikuwa kimoja: "he" na "she". Kwa Kikurya na kwa Kiswahili mtu ni yeye tu, awe baba awe mama. Basi wenzangu walikuwa wanasema "my father, she", mwalimu anashika kichwa. Alikuwa kijana wa Kagera, aliyefuata dhahabu huku kwetu, dhahabu ikamkataa, akashika chaki.

Siku hiyo alikuwa anachagua mmoja wetu wa kupeleka kwenye usaili wa kazi, hoteli ya watalii kule Serengeti. Kila mtu aeleze familia yake. Kazi ile niliitaka kweli.

"My husband is at home," nikaanza. "She keeps cows."

"He," mwalimu akasema.

"She."

Darasa likaangua kicheko. Jirani yangu akanivuta gauni. "Sema he yaishe! Huyu mgeni atajuaje? Utakosa kazi kwa ubishi."

Kweli, ningeweza. Lakini nilimkumbuka mume wangu, wakati ule yuko nyumbani anamlea binti yangu ili mimi nisome, nikapandwa na hasira.

"Mwalimu, mume wangu ni mwanamke," nikasema. "Hakujaliwa mtoto wa kiume. Akatoa mahari, ng'ombe zake mwenyewe, akanioa nimzalie watoto wa nyumba yake. Huku tunaita nyumba ntobhu. Nikisema he, nimemfuta."

Mwalimu akaweka chaki mezani.

"Sikujua," akasema. "Haya, endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho. Akanichagua mimi.

Jioni nilimkuta yule bibi aliyenioa zizini, anakamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewaambia nini habari zangu?"

"Nimesema wewe ni she." Nikamweleza maana yake. Akalitamka mara kadhaa, akacheka.

"Na wewe?"

"She."

Akamgeukia binti yangu, aliyekuwa amemshika ndama. Alinioa apate mtoto wa kiume, na mpaka leo sijampa.

"Na huyu?"

"She, mama."

Akarudi kwenye chuchu za ng'ombe, akakamua kidogo.

"Mfundishe na yeye hicho Kiingereza," akasema. "Ng'ombe zangu hazikupotea."