Mashujaa Wanaopigana Wenyewe

Kwa mwaka mmoja na nusu nilicheza mchezo wa mashujaa kwenye simu, na siwezi kusingizia ujana, maana nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke, na vipindi vya hesabu katika sekondari moja hapa Bunia. Mchezo wenyewe ni wa bure. Wanaosema hivyo ni wale walioutengeneza.

Ubure wake uko hivi. Unapewa mashujaa watatu wa kuanzia, dhaifu kama vifaranga, na unapigana na mashujaa wa watu wengine waliotawanyika duniani. Ukipigana mara tano nguvu zinakwisha, na unaambiwa usubiri saa mbili au ununue. Ukishinda unapewa sanduku. Ukilifungua unakuta kipande kimoja cha shujaa, na shujaa mzima anataka vipande mia. Ukifikisha tisini, masanduku yanaanza kukupa kofia. Ukikaa wiki nzima bila kununua kitu, linatokea tangazo lenye saa inayohesabu kurudi nyuma, likikuambia kwamba nafasi hii haitapatikana tena, na kesho yake inapatikana. Mjomba wangu alichimba dhahabu Nizi kwa miaka mingi. Nilipomweleza mambo haya alisema kule angalau shimo tupu linanyamaza.

Mimi niliapa sitanunua chochote. Haukuwa umaskini tu, ulikuwa ubishi. Nilikusanya almasi za mchezo, zile wanazokudondoshea chache chache kila ukishinda, ili siku moja nimchukue shujaa wa moshi, anayepita ukutani na kumpiga adui kwa nyuma. Nilizikusanya kwa miezi mitano. Tulikuwa na kikundi cha watu kumi, na kiongozi wetu alikuwa binamu yangu anayefanya kazi Nyankunde. Kila Jumamosi kikundi chetu kilipambana na kikundi kingine, na binamu alikuwa na hakika kwamba tukimpata yule wa moshi tutapanda ngazi ya dhahabu, mahali ambapo wasionunua huwa hawafiki. Nilitaka kufika huko bila kununua. Nilitaka jambo hilo kuliko mambo mengi ya maana, na naona haya kuliandika.

Nilicheza asubuhi tu, kwa kuwa nafundisha zamu ya mchana. Ikifika saa sita betri imekwisha, na nyumbani kwetu, mtaa wa Shari, hakuna umeme. Basi nikienda shuleni nilikuwa naiacha simu kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kuchaji, chenye plaki za umeme wa jua juu ya bati. Anakupa kipande cha katoni chenye namba, kipande kingine chenye namba ileile anakifunga kwenye simu yako kwa mpira, unaenda zako. Jioni unarudi unaichukua.

Simu yangu haikuwa na namba ya siri, kwa sababu ya mama yangu mzazi. Yeye huwa hapigi, anabipu mara moja na kukata, na mtu asipomrudishia upesi anaanza kuwaza vifo. Kwa hiyo mama wa kibanda alikuwa na ruhusa ya kumpigia na kumwambia kwamba mwanawe yuko hai, anafundisha.

Miezi ile nilikuwa na malalamiko mawili. Mega zangu za intaneti zilikuwa zinayeyuka mchana wakati hata simu siishiki, nami nikawatukana watu wa mtandao mbele ya yeyote aliyetaka kusikia. Halafu simu ilikuwa hairudi imejaa. Niliiacha saa sita na kuichukua saa kumi na moja, na betri iko nusu. Nilisema betri imezeeka.

Jambo moja lilinifurahisha, nalo lilinifanya nisiulize sana kuhusu hayo mengine. Kila jioni nilipofungua mchezo nilikuta pointi zimepanda. Asubuhi nimepigwa mara nne kati ya tano, jioni niko juu kuliko jana. Mchezo wenyewe ulikuwa umeandika kwamba mashujaa wako wanafanya mazoezi hata ukiwa umepumzika. Niliamini. Nikaona siri iko katika kuwapanga: ukiwapanga vizuri asubuhi, mchana wanapigana wenyewe.

Katika chumba cha walimu nililieleza hilo kwa chaki. Nilichora mraba, nikaweka wenye nguvu mbele na wepesi pembeni, na kuonyesha kwa nini mpangilio wangu lazima ushinde. Mwalimu wa jiografia, ambaye naye alikuwa anacheza, aliwapanga wake vilevile. Hakupata hata pointi moja. Nilimwambia amenakili vibaya.

Siku moja ya Jumatano almasi zikawa karibu kutosha. Nilihitaji ushindi mmoja tu, kesho yake asubuhi ningemchukua wa moshi. Jioni niliichukua simu kibandani, nikaifungua palepale nimesimama, nikakuta almasi hakuna hata moja. Badala yake kulikuwa na shujaa mpya katika kikosi changu, mzee mnene mwenye ngao, ambaye kikundi kizima tulikuwa tunamcheka. Kazi yake ni kusimama mbele na kupigwa.

Mama wa kibanda ni mtu wa makamo, wa familia ya wakulima wa Djugu waliokimbia vita na kuhamia kwetu. Anasema polepole na hainui sauti.

"Mama, kuko mutu alishika simu yangu leo?"

"Ni miye," alisema, huku anafunga mpira kwenye simu ya mtu mwingine.

"Juu ya nini?"

"Kucheza. Niko nacheza kila siku, Prof. Nilifikiri unajua."

"Na almasi?"

"Nilichukua ule muzee wa ngao. Weye unachukua tu wenye kupiga. Wenye kupiga wanakufa mbio. Nani anabaki mbele?"

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia ilikuwa kazi yangu ya miezi mitano, na kwamba simu ya mtu si kitu cha kuchezea, na mengine ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mama aliyemzidi umri. Watu waliokuja kuchukua simu zao walisimama kusikiliza. Aliniacha nimalize, kisha akaniomba simu, akafungua ukurasa ambao mimi sikuwahi kuufungua. Ni ukurasa wa kumbukumbu ya mapambano, na kila pambano lina saa yake. Ya asubuhi yalikuwa mekundu, rangi ya kushindwa, karibu yote. Kuanzia saa saba mchana yalikuwa ya kijani, mpaka chini, wiki baada ya wiki.

"Unisamehe juu ya almasi," alisema. "Lakini mingi nilizipata miye."

Hakusema kwa kunisimanga, na hilo liliniuma zaidi. Nilitazama kile kijisimu chake cha vibonyezo, cha kupiga na kupokea tu, kilichokuwa mezani pake. Michezo yote aliyoijua alijifunza kwenye simu za watu waliokuwa wamekwenda kazini.

Nilipofika nyumbani niliweka namba ya siri, na nikamwambia mama yangu awe anabipu kwenye simu ya mke wangu. Yule mzee wa ngao nilimtoa kikosini kwa hasira tu.

Mega zikaanza kutosha wiki nzima. Simu ikawa inarudi imejaa. Nami nikaanguka. Nilishuka ngazi moja, kisha nyingine, mpaka mwalimu wa jiografia akanipita, akaniuliza kwa upole kama na mimi nimenakili vibaya. Jumamosi tatu mfululizo kikundi chetu kilipigwa, na kila mara pengo lilikuwa mimi. Binamu akaniandikia, "Kuko nini?" Nikajibu kwamba mtandao wa Bunia ni mbaya.

Wiki ya nne niliondoa namba ya siri. Nilimpa mama wa kibanda simu, nikamwambia kama jambo dogo tu kwamba iko wazi, anaweza kufanya anavyotaka. Jioni nikafungua ule ukurasa wa kumbukumbu. Mchana mzima hakukuwa na pambano hata moja.

"Haukucheza, mama?"

"Hapana, Prof. Niliona uso yako siku ile."

Nilichukua simu yangu iliyojaa pomoni na kwenda. Njiani niliona aibu kweli, na haikuwa aibu ya mchezo. Asubuhi iliyofuata nilipita kwake kabla ya kucheza, nikamwomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa matusi niliyatoa mbele ya watu. Alisema hakuna shida, akaniuliza kama mama yangu hajambo, maana siku hizi hamsikii.

Ijumaa mtu mmoja wa kikundi aliandika kwamba afadhali nitolewe, kesho yake tukipigwa tena tunashuka sote. Hakuna aliyempinga. Ningeweza kusema tena mtandao. Nilikaa kwenye benchi nje ya darasa, nikaandika: "Ndugu zangu, ile ya mchana haikuwa miye. Kuko mama moja wa kuchaji simu, ni yeye alikuwa anawashindia. Miye niko nacheza asubui tu."

Niliogopa jibu kuliko nilivyowahi kuogopa inspekta. Lilichelewa kidogo, likaja kutoka kwa binamu.

"Muombe mama arudie. Siye wote tulijua muko wawili. Wengine walifikiri ule wa asubui ni mutoto yako."

Nina mtoto mmoja tu. Wakati ule alikuwa bado hajaanza kutembea.