Kijiti cha Fagio Chini ya Pazia

Mwanangu alisimama katikati ya nyumba na bomba la kupulizia pamba mgongoni, mkono uko tayari kwenye mpini. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka machimboni Geita kumwona mtoto wake wa kwanza. Mvua zilikuwa zimefululiza, na jambo la kwanza aliloliona chumbani ni kundi la wadudu kwenye pembe ya ukuta chini ya bati, miguu mirefu kama nyuzi, wamegandamana mpaka ukuta umekuwa mweusi. Mtoto naye alikuwa na vipele vyekundu shingoni. Akayaunganisha hayo mawili, akasema ni buibui, akaenda kuchanganya dawa.

“Mayu, toka mlangoni.”

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chao, yeye na mkewe.

“Mtoto yumo ndani,” nikasema.

“Mama yake atamtoa. Napuliza, tunafungua dirisha, jioni wanarudi.”

Jioni! Dawa ya pamba naijua. Kuku wa jirani yetu walidonoa panzi kwenye shamba lililopulizwa. Tuliwaokota miguu juu. Na chumba kile dirisha lake dogo kama sahani, kuta za udongo zinakunywa kila kitu. Mtoto ambaye hajatimiza hata mwezi angelala humo akiivuta.

Lakini sikumlaumu. Kwenye duara lao, yaani shimo wanalochimba, mwenzake alishika gogo akaumwa na buibui, nyama ya mkono ikaoza. Aliyaona kwa macho yake. Kama wale wa ukutani walikuwa buibui kweli, hata mimi ningeondoka mlangoni.

Shida ni kwamba sikuwa nimewaona. Kwetu mzazi haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Tangu waoane sijavuka kizingiti kile. Hata siku mtoto alipoletwa kutoka zahanati nilimpokea sebuleni. Nilifunua pazia nikachungulia, macho yangu ya uzee yakaona doa tu.

Nikalishusha pazia, nikamwambia mkwe wangu aliyekuwa ndani, “Binti, wapulizie pumzi kidogo.”

“Niwapulizie? Mama, nawaogopa mie!”

“Puliza.”

Akapuliza. Kisha akapiga ukelele. “Wanacheza! Wote pamoja, juu, chini!”

“Umesikia?” mwanangu akasema, akausukuma mpini. Harufu ya dawa ikanifika puani.

Utotoni tulikuwa tukiteka maji kwenye majabali, na katika nyufa zenye unyevu walikaa wadudu wa namna hiyo. Mama yangu alikuwa na jina lao la Kisukuma. Ninalo mpaka leo, ila la Kiswahili sijawahi kulisikia. Ukiwapulizia wanacheza ngoma, na hawana neno na mtu. Lakini buibui yule mwembamba wa pembe za nyumba naye hutikisika ukimgusia utando wake. Kwa hiyo ngoma yao haikunipa jibu.

“Mtazame mmoja vizuri. Ana kiuno?”

“Kiuno?”

“Kama nyigu. Buibui ana kifua, halafu tumbo, katikati kabanwa. Huyo yukoje?”

“Ni kama punje ya mtama tu. Punje na miguu.”

“Mayu, mtu anatetemeka hivyo ataona nini?” mwanangu akadakia. “Na mmoja akimwangukia mtoto?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikachomoa kijiti kwenye fagio, nikakisukuma chini ya pazia.

“Kipitishe katikati yao taratibu, mpaka ukutani. Buibui wa miguu mirefu hakai bila nyuzi zake. Kikirudi na utando, nainuka hapa.”

Nilipokwisha kusema hivyo nikajua nimejifunga. Mwanangu akaachia mpini. Tulisikia stuli ikiburutwa, mkwe akipanda, mtoto akiguna usingizini.

Kijiti kikarudi kikavu, kisafi. Kwenye ncha ulinasa mguu mmoja, bado unarukaruka peke yake.

Mwanangu akauweka kiganjani, akautazama. “Buibui naye hukatika mguu.”

“Hukatika. Ila wa kwake hulala kimya.”

Akaukung’uta mguu ule. Akamwambia mkewe, “Jaribu pembe ile nyingine, juu ya neti.”

Kijiti cha pili kilirudi kimevikwa utando mweupe.

“Si nilisema!” Mkono ukarudi kwenye mpini.

“Wako wangapi hapo?” nikauliza haraka.

“Mmoja, mama. Mwembamba. Huyu ana kiuno!”

“Basi huyo ni wa ndala, si wa bomba.”

Ndala ikalia ukutani. Mtoto akashtuka, akaangua kilio kwa nguvu zake zote, na mwanangu, aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, akatoa kicheko kama mtu anayekohoa. Akalivua bomba, akalipeleka nyuma ya zizi. Aliporudi alikuwa amenawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akachomoa kijiti chake mwenyewe kwenye fagio, akaniruka pale kizingitini, akaanza kupima pembe moja moja.

Nilitaka kumpisha, miguu ikakataa, imekufa ganzi. Mkwe akanitolea mtoto pale pale, akamlaza mapajani mwangu. Nikamfunua shingo. Harara tu. Walikuwa wamemviringisha blanketi zito kwa kuogopa baridi ya mvua, jasho linamtiririka. Nikamvua lile blanketi.