Mbao za Papa, Majani ya Mama

Wakati wetu, ninyi wa rika langu mnakumbuka, ubao haukutupwa. Ulianza kuwa daraja, ukawa benchi, ukawa mlango wa zizi, na ulipooza kabisa ndipo ulipikia maharage. Leo wajukuu wangu wakiona ubao wenye tundu la msumari wananiuliza mimi bibi yao, "Koko, tutupe hii wapi?" Kisha wanaenda kununua beseni ya plastiki ya kupandia kitunguu, nayo inapasuka kabla kitunguu hakijaota. Nikinyamaza wanasema nimezeeka. Nikisema wanasema nimezeeka na niko na maneno mengi.

Sisi tulikuwa Lushebere, kijiji cha mlimani, miaka ile ya Wabelgiji. Ukungu wa asubuhi uliingia mpaka jikoni, ukakaa nasi motoni. Tulikwenda shule ya misioni bila viatu, kiazi kitamu cha moto mkononi, tukikihamisha huku na huku mpaka vidole vyote vipate joto, ndipo tukile.

Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mama yangu alikuwa na majani yake: mchaichai wa chai, seleri ambayo mbegu yake ilitoka bustani ya misioni, na muravumba, ule mchungu wa kikohozi, ambao harufu yake haitoki mkononi hata ukinawa mara tatu. Mlima mzima ulijua. Mtu aliingia tu uani na kuita, "Mama Sifa, unikatie kidogo, mutoto hajalala." Sifa ni mimi.

Shida yetu ilikuwa mbuzi wa jirani yetu Mama Riziki. Mbuzi huyo alifungwa kamba, lakini sijui kamba ile ilifungwa wapi upande wa pili.

"Mama Riziki! Mbuzi yako imekula tena muravumba yangu!"

"Pole, mama. Labda na yeye iko na kikohozi."

Dawa ya mambo haya ilikuwepo ndani ya nyumba, imeegemea ukuta: mbao nane za Papa, baba yangu. Daraja la mtoni lilipojengwa upya, mbao za zamani ziliachwa zinyeshewe. Papa aliziomba, akazibeba kichwani mbili mbili, safari nne za kupanda mlima. Alitaka kutengeneza meza kama ya karani, ale akiwa ameketi wima kama muntu ya kazi. Msimu wa maharage ukapita, ukaja mwingine. Tulikula sahani zikiwa magotini, na meza imesimama ukutani inatutazama.

"Baba Sifa," Mama alimwambia, "unipe hizo mbao nitengeneze sanduku ya majani. Ikae juu, mbuzi isifike."

"Ngoja. Meza kwanza."

"Na hiyo meza iko wapi?"

"Inakuja."

Papa akajitwika maharage akaenda zake Walikale kubadilishana na mawese, kwa njia ya Kalembe, safari ya siku nyingi. Nadhani alikuwa amekwisha fika huko, wakati dada yangu mdogo Neema, ambaye alikuwa bado mgongoni, alipoanza kukohoa. Kikohozi kibaya, cha kumkunja. Mama akakimbilia uani na kisu. Alikuta vijiti na mavi ya mbuzi.

Alikwenda kijiji cha ng'ambo chini ya mvua, akarudi na matawi matatu ya muravumba: moja la kuchemsha, mawili ya kupanda. Aliyaweka chini, akatazama ukuta.

"Sifa, leta nyundo."

"Mama, Papa alisema..."

"Papa iko Walikale. Mutoto njo huyu, iko hapa."

Basi nikajua kazi. Misumari ya daraja ilikuwa na kutu na imepinda kama mikia ya nguruwe. Kila mmoja niliung'oa, nikaunyoosha juu ya jiwe, na kila wa tatu niligonga kidole changu. Msumeno hatukuwa nao. Mama alikata kwa shoka, na mahali shoka liliposhindwa tuliacha urefu kama ulivyo. Tulimaliza mbao sita, na sanduku likatoka refu kama jeneza. Mama Riziki alipita akasimama.

"Eeh! Nani amekufa?"

"Bado," Mama akajibu, misumari mdomoni. "Ila mbuzi yako isiendelee hivi."

Tuliliinua juu ya mawe, likalala upande mmoja kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya ndizi. Tukajaza udongo na mbolea, tukapanda. Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne udongo ulikuwa uji, na tawi moja limeoza mpaka ncha. Mama aliketi kwenye jiwe, Neema akikohoa mgongoni mwake, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kwa ajili ya mti. Nilizichukia mbao, nikamchukia mbuzi, nikamchukia na Papa kidogo, Mungu anisamehe.

Kesho yake Papa alifika na mawese yake. Aliingia ndani, akatoka upesi.

"Mbao yangu iko wapi?"

Mama alionyesha kwa kidevu. Papa akazunguka nyumba. Mimi nilijificha nyuma ya mgomba. Alilitazama sanduku kutoka upande huu na upande ule, akachovya kidole katika tope.

"Maji ipitie wapi?"

"Nini?"

"Ninauliza, maji ipitie wapi? Mumepiga misumari yote hii, hakuna mwenye alifikiri tundu?"

"Mwenye kufikiri tundu alikuwa anafikiri meza," Mama akasema.

Papa akafungua mdomo, na hapo Neema akakohoa. Alikohoa muda mrefu. Papa akaenda motoni, akatia chuma mpaka kikawa chekundu. Alitoboa sanduku kutoka chini, moshi wa mbao ukimwingia machoni, maji meusi yakimwagika miguuni pake, na muda wote akigomba: kuhusu wanawake, kuhusu mbuzi, kuhusu daraja lenyewe. Kisha akaingia ndani, akatoa zile mbao mbili zilizobaki, akazikata miguu ya sanduku. Hakuuliza mtu.

Tawi lililosalia lilishika. Neema alipona, kama ni majani ao ni maombi ya Mama, sijui. Mpaka Papa anakufa alikula sahani ikiwa magotini, na mchuzi ukimmwagikia alimtazama Mama, naye Mama alitazama dari.

Leo niko Goma kwa watoto wangu. Nilipowalazimisha wajukuu wanipigie misumari sanduku la mbao kuukuu, walifungua telefone kwanza ili wafundishwe kushika nyundo. Sawa, lilisimama, na muravumba umestawi kuliko wa Mama. Lakini uani kwetu pana ukuta wenye vipande vya chupa juu, na lango la chuma. Jirani akikohoa ninamsikia, ninakaa karibu na lango nikingoja abishe hodi. Anatuma mtu farmasi. Majani yangu yanakomaa, yanakuwa manjano, yanaanguka yenyewe.