Njia Niliyompa Komanda

Ndani ya lile behewa mlinuka grisi ya zamani, mawese yaliyomwagika enzi za kubeba mizigo, na makaa niliyokuwa nimeyashika mkononi. Lilikuwa limesimama kwenye reli ya kando, karibu na stesheni ya Kindu, nyasi zimeota hadi kwenye magurudumu, kwa sababu miaka ile ya vita treni haikuja tena. Sisi watoto tuliingia humo kila asubuhi baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyetuona. Waasi walishika mji, wapiganaji wengine, Mai-Mai, walishika msitu, na sisi tuliobaki katikati tulishukiwa na pande zote mbili. Mama akienda shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, wa msituni walimuuliza nani amemtuma. Akirudi na kikapu, wa mjini walimuuliza amekutana na nani. Hata majirani walisalimiana huku kila mmoja akitazama mwenzake amebeba nini. Shule ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa nilikuwa nimeshazoea kujifundisha mwenyewe, na sikurudi.

Kabla umeme haujakatika, jirani yetu, mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai, alikuwa na televisheni na mashine ya michezo. Mchezo ulikuwa mmoja tu: mtu mdogo mwenye taa anashuka kisimani kumtafuta dada yake. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, lakini hadithi tuliijua yote. Ukutani palikuwa na alama za vidole vyenye matope, vidogo kuliko vya yule mtu, tukajua kwamba dada amepita hapo. Mbele kidogo palikuwa na kiatu kimoja. Hakuna aliyetuambia kiatu ni cha nani, lakini kila tulipokifikia chumba kizima kilinyamaza. Kisha umeme ukakatika, mafuta ya jenereta yakawa ya wanajeshi peke yao, na jirani akaizungushia mashine mkeka na kuisukuma chini ya kitanda. Mimi nikachukua makaa, nikaanza kuchora kisima kile kwenye mbao za sakafu ya behewa.

Wachezaji walitumia vifuniko vya chupa, na mashine ilikuwa mimi. Kila mchoro tuliuita nivo, na nivo zangu za kwanza zilikuwa mbaya. Nilizijaza mamba. Wenzangu walicheza mara mbili wakaanza kupiga miayo, nikagundua kwamba mamba aliyekaa wazi anachosha upesi. Nikajaribu lango linaloonekana tangu mwanzo, nyuma yake moshi wa jiko la mtu, lakini njia ya kulifikia inazunguka kote. Siku hiyo hakuna aliyetaka kurudi nyumbani. Nilijifunza pia kwamba mchezaji husamehe kufa, ila hasamehe kudanganywa. Zawadi, binti wa miaka sita wa nyumba ya pili, alikumbuka kila mstari wangu, na nikisogeza ukuta hata kidole kimoja alipiga kelele, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, unaiba! Jana hapa kulikuwa wazi!"

Vyumba vya kubuni viliponiishia, nikaanza kuchora vya kweli. Nilichora njia aliyopita mama kwenda shambani: mianzi kando ya kijito, daraja lililoungua, kizuizi ambapo askari huvua viatu saa sita mchana na kuosha miguu. Niliwauliza wenzangu mama zao wameona nini, nikaongeza. Nivo hiyo waliijua kama njia ya kwenda kitandani. Palikuwa mahali tulipokatazwa kwenda, na kila mtoto aliyesukuma kifuniko chake pale alikuwa anamfuata mama yake. Sikufikiri hata mara moja kwamba nimechora siri ya wanawake wa mtaa mzima.

Nani alitusema, sijui hadi leo. Nimewashuku wote, hata yule jirani aliyetupa mchezo wake bure. Walikuja askari watatu na komanda wao, na mtu wa kwanza waliyemshika ni kaka yangu Amisi, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na mitano na mrefu kuliko umri wake. Komanda aliinama juu ya mbao, akauona mchoro wangu kuwa ramani.

"Hii njo karte ya Mai-Mai. Nani alichora?"

"Ni miye, papa," nikasema. "Ni muchezo."

"Muchezo? Na huyu kwenye barieri, mbona hana viatu?"

Askari mmoja alitazama pembeni. Amisi alikuwa amefungwa mikono kwa kamba ya viatu vyake mwenyewe, na nilijua vijana waliopelekwa ng'ambo ya mto hawakuwa wakirudi.

"Sawa," komanda akasema, akakaa kwenye sanduku tupu. "Kama ni muchezo, tucheze. Nikiona munanidanganya, huyu murefu anaenda na sisi."

Nikampa kifuniko. Alikielekeza moja kwa moja kwenye mianzi, njia ya mama. Mianzi ile haikuwahi kuua mtu tangu nilipoichora. Nikamwambia, "Nyoka. Umekufa, papa."

"Haa! Nyoka iko wapi? Sioni nyoka."

"Haionekani. Njo maana inaua."

Akarudi mwanzo. Akajaribu daraja, nikamzamisha. Watoto tisa walikuwa wamesimama pale, kila mmoja akijua kwamba naiba, na waziwazi. Nilibaki na njia moja, ile ya tanuri la matofali lililoachwa, ambayo niliichora tu kujaza pembe na ambayo nilidhani haina mtu. Kifuniko chake kiliposogea huko nikamwachia. Akapita tanuri, akapita shamba, akafika langoni. Zawadi alifungua mdomo. Nilimtazama na sikuweza hata kumkonyeza. Akapiga makofi. "Komanda amepita!" akasema. "Miye sijawahi kupita!"

Komanda alicheka, akafuta mbao zote kwa soli ya buti lake, akamfungua Amisi.

Nilipomsimulia mama, hakunipiga. Aliuliza kitu kimoja: "Ulimupitisha wapi?" Nikamwambia, tanuri la matofali. Akaacha sufuria motoni, akatoka mbio bila kitambaa cha kichwa. Njia ile ilikuwa ya muuza uyoga wa mtaa wa juu, aliyekuwa ametoka siku mbili nyuma. Kesho yake askari walikaa kwenye tanuri. Yule mama muuza uyoga hakuonekana tena sokoni. Wengine walisema alionywa njiani akaendelea hadi Kampene kwa ndugu zake.

Nimefika Kampene, nimefika Punia na Tunda, nikibeba chumvi, nikisafisha mchanga wa wachimbaji, nikilala popote. Kila mahali nimemuulizia. Nimepewa majibu mengi, na ninayoyaamini kidogo kuliko yote ni yale yanayonifurahisha.

Leo Kindu kuna simu kila mkono, na michezo ninaicheza yote, kwa kuwa siwezi kuona mlango bila kutaka kujua nyuma yake kuna nini. Ina rangi ambazo makaa yangu hayakuziota. Lakini mshale unakuonyesha pa kwenda, unafika, unapigiwa tarumbeta, na wiki ijayo hukumbuki chumba hata kimoja. Mshale ukiniambia nipite kulia, nauliza aliyeuchora anaficha nini kushoto.

Juzi binti ya Amisi, anayechora nivo zake kwenye daftari la hesabu, aliniuliza afanye nini ili wenzake wasizisahau. Tulikuwa kwenye kibanda ambamo baba yake anatengeneza simu. Nilimweleza habari ya kiatu kisicho na mwenyewe, ya moshi nyuma ya lango, ya kutomdanganya mchezaji. Nikamwambia asichore njia za kweli, achore mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Amisi aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

"Sasa, shangazi," binti akasema, penseli mkononi, "utajua namna gani kama hakuna mutu anapita?"